Sanamu au Kipawa? Mambo Niliyojifunza Katika Bustani ya Entebbe

Pengine unasoma ukurasa huu nyumbani jioni pamoja na watoto. Pengine uko kambini karibu na mashimo, na gazeti limefika kwako likiwa limechakaa juu ya kupita katika mikono mingi.

Mwezi huu sitakuhubiria. Nataka kukupa habari ya safari moja, na katikati ya safari hiyo nataka kutubu jambo moja mbele yako. Mimi ni mchungaji, nimeshapita miaka arobaini, nilisoma shule ya Biblia, na watu wa Mavivi wananiita Pasta. Lakini kuna siku mchungaji njo anapotea, na kondoo njo anajua njia.

MTOTO ALIYECHORA NDEGE

Dada yangu alinipa mtoto wake wa kiume nimlee, wakati mume wake alipokufa. Sitaandika jina lake, kwa maana yeye yuko mzima na habari hii ni yake pia. Alifika kwangu akiwa na miaka tisa. Wewe unayejua Mavivi, unajua kwamba kwetu kuna uwanja wa ndege, na helikopta zinapita juu ya nyumba mchana kutwa. Yule mtoto alianza kuzichora. Alichukua makaa jikoni akachora helikopta kwenye ukuta wa nyumba, na mabawa yake, na magurudumu, hata mtu mdogo ndani yake. Bibi yangu alimgombeza, akapaka ukuta chokaa. Kesho yake ndege ingine ilikuwa pale.

Alipokuwa mkubwa kidogo aliacha makaa, akashika kisu. Alipata kipande cha mti wa avoka, akaketi nyuma ya choo siku nyingi, akichonga. Mwaka 2018, akiwa na miaka kumi na mitano, aliniletea kazi yake. Ilikuwa mwanamke mzee, ameinama, amebeba mzigo wa kuni mgongoni na kamba imepita kwenye paji la uso, vile mama zetu wanavyobeba. Nilimtambua mara moja. Alikuwa mama yangu mzazi, nyanya yake. Alikuwa ameweka hata ule mkunjo wa kwenye shavu la kuume.

Nilifurahi. Nikaiweka juu ya kabati, karibu na Biblia.

Juma lile mzee mmoja wa kanisa alikuja kunisalimia. Aliangalia kabati, akanyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Pasta, tangu lini nyumba ya mchungaji inafuga miungu?" Alisema kwa upole, na mimi ninajua alinipenda. Yeye alikuwa amewaona wazee wake wakiacha mambo ya kipagani kwa machozi. Kwake kitu chochote chenye uso na kilichochongwa katika mti kilikuwa kitu kimoja tu.

Mimi ningaliweza kumwambia: "Mzee, huyu ni mama yangu." Sikusema. Niliogopa midomo ya watu. Jioni ile nilimwita mtoto, nikamwambia atupe kile kitu katika moto wa jikoni. Hakulia. Aliuliza paka neno moja: "Mjomba, huyu ni Nyanya. Nani anamuabudu Nyanya?"

Sikuwa na jibu, njo maana nilipaza sauti. Akatupa.

Mama yangu alifariki mwaka 2019, wakati Ebola ilikuwa ingali kwetu. Yeye hakufa na Ebola, lakini siku zile mazishi yote yalifanyika haraka na kwa watu wachache. Hatuna picha yake hata moja yenye kuonyesha uso vizuri. Mfano wa uso wake ulikuwa ule mmoja tu, na ni mimi niliyeuchoma.

Yule mtoto hakuchora tena, hata ukutani. Mwaka 2020 alifuata wenzake upande wa Manguredjipa, kutafuta dhahabu katika mashimo. Wewe msomaji wa gazeti hili unajua maisha yale kunishinda mimi. Unajua ginsi udongo unavyoporomoka wakati wa mvua, na ginsi vijana wanavyokula kwa deni mpaka siku ya kupata. Wako wanaofanya kazi ile kwa heshima na kulisha wazazi, nami siwadharau hata kidogo. Lakini huyu wangu hakwenda kwa kupenda dhahabu. Alikwenda kwa sababu nyumbani kwangu mikono yake ilikosa kazi.

NJIA YA KASINDI

Mwaka 2024 nilialikwa kwenye mkutano wa wachungaji huko Entebbe, Uganda. Tulipaswa kuzungumza juu ya kuwasaidia watu waliojeruhiwa moyoni na vita. Kwetu Beni kazi hiyo haikosi, tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014.

Nilipanda moto mpaka Beni, halafu gari mpaka Kasindi, milima ya Ruwenzori ikiwa upande wetu wa kushoto. Mpakani nilikuta malori yamepanga mstari mrefu. Mengine yalibeba kakao, mengine yalibeba mbao. Nikasema moyoni: kila kitu chetu kizuri kinapita hapa.

Ng'ambo ya mto, watu wa Bwera na Kasese walinisalimia kwa Kikonzo, nami nikawajibu kwa Kinande, na hakuna aliyehitaji mkalimani. Sisi ni watoto wa mama mmoja, mpaka njo umetugawa. Karibu na Kasese kuna mgodi wa Kilembe. Ulianza kutoa shaba mwaka 1956, na mwaka ule ule reli kutoka Kampala ilifika Kasese kwa ajili ya shaba hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ya shaba ilisimama. Dereva wetu alisema baba yake alikuwa mfanyakazi pale, akavaa kofia ya chuma, akanunua redio na baiskeli. "Na kisha?" nikauliza. "Na kisha shaba ikaisha kutolewa, na Baba hakujua kazi ingine," akajibu. Nilikaa kimya mpaka Fort Portal.

BUSTANI YA MWAKA 1898

Mkutano ulikuwa wa siku nne. Jumamosi mchana tulipewa nafasi ya kupumzika. Mchungaji mmoja wa Uganda aliniambia: "Ndugu, twende nikuonyeshe bustani yetu ya mimea. Leo kuna watu wa sanaa pale." Kwa kweli sikutaka. Mtu ametoka penye vita, ataangalia maua? Lakini mgeni hakatai, nikamfuata.

Bustani ile ilianzishwa na Waingereza mwaka 1898. Msimamizi wake wa kwanza aliitwa Alexander Whyte. Ni nafasi kubwa, karibu hektari 40, inashuka polepole mpaka kwenye maji ya Ziwa Victoria, ambalo Waganda wanaliita Nalubaale. Kuna miti mirefu sana, na mbega weusi wenye manyoya meupe mgongoni wanaruka kutoka tawi mpaka tawi. Miti mingine ina kibao kidogo chenye jina lake.

Nilidhani bustani ya namna hii ni mahali pa matajiri kutembeza watoto. Rafiki yangu akanifundisha. Mwanzoni ilikuwa mahali pa kujaribu mbegu. Walileta kahawa, kakao, miti ya mpira na mingine mingi kutoka nchi za mbali, wakaipanda hapo ili waone ni mmea gani utakubali udongo na mvua ya hapa. Ule uliokubali walitoa miche yake na kuwapa watu. Hata kwetu Kongo kazi hiyo ilifanyika: bustani ya Eala karibu na Mbandaka ilianzishwa mwaka 1900, kuna bustani ya Kisantu upande wa Kongo-Central, na Yangambi karibu na Kisangani, ambako taasisi ya INEAC, iliyoundwa mwaka 1933, ilichunguza kahawa na michikichi. Tanzania wana Amani katika milima ya Usambara, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902.

Wewe mkulima wa Beni, uliyeona kahawa yako ikikauka juu ya ule ugonjwa wa kunyauka, ukapanda kakao mahali pake, fahamu kwamba kakao si mti wa nyanya zetu. Imetoka Amerika. Kuna mtu aliyeijaribu katika udongo wa Afrika kwanza, akaimwagilia, akaisubiri miaka, bila kuing'oa kwa sababu tu hakuizoea.

CHINI YA MITI

Sasa nikuambie juu ya watu wa sanaa. Hawakuwa ndani ya jengo. Walikuwa nje, kwenye majani, chini ya ile miti mikubwa. Wengine walifunga kamba kutoka mti mmoja mpaka mwingine, wakatundika picha kama mtu anavyoanika nguo. Kulikuwa picha za korongo mwenye taji, za wavuvi, za pikipiki zimejaa katika barabara za Kampala. Kulikuwa vikapu, ngoma, vibuyu vilivyochorwa kwa moto. Mama mmoja alikuwa akisokota shanga za karatasi. Anachukua gazeti la zamani, anakata vipande virefu vyembamba, anavisokota kwenye sindano, anapaka gundi na rangi ya kung'arisha. Nikafikiri juu ya gazeti letu hili, ambalo kwetu mwisho wake ni kufungia karanga.

Watoto walikuwa wengi, na jambo lililonishangaza ni kwamba hakuna aliyewafukuza. Kijana mmoja mchoraji alikuwa ameweka ubao na makaa pembeni, kila mtoto apite achore anachotaka. Mtoto wa miaka saba au nane alichora ndege. Nikageuka, nikajifanya naangalia ziwa.

Nilipofika kwa mchongaji mmoja, nilishika bakuli lake la mti mwekundu, zito, laini kama shavu. Nikauliza ni mti gani. Aliposikia Kiswahili changu akacheka: "Mzee, unauliza mimi? Mbao hii inatoka kwenu Kongo!" Ilikuwa ile tunayoiita libuyu. Mbao nyingi za misitu ya Ituri na Beni zinapita Kasindi kwenda kuuzwa Kampala na Nairobi, kama vile dhahabu yetu nyingi inavyopita. Pengine lori lililobeba ule ubao lilipita mbele ya kanisa langu. Niliuliza bei ya bakuli, na aliponijibu nikahesabu kichwani: bakuli moja lilishinda bei ya ubao mzima kwetu. Mti haukubadilika. Kilichoongezeka ni mikono.

SWALI LA YULE MAMA

Mwisho tulifika kwa mama mmoja, mtu mzima kama mimi, aliyekuwa akiuza picha zilizochorwa juu ya nguo ya gome la mti. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta-tafuta, lakini alikuwa na subira. Alitupeleka mpaka kwenye mti ambao Waganda wanauita mutuba, akatueleza kazi yake.

Fundi analichuna gome la shina lote kwa uangalifu, bila kuukata mti. Halafu analipiga kwa nyundo za mti zenye mistari, saa nyingi, mpaka gome linapanuka na kuwa laini kama kitambaa. Linaanikwa juani, linapata rangi ya udongo mwekundu. Lakini sikia jambo hili: shina lililobaki uchi hawaliachi hivyo. Wanalifunga kwa majani ya migomba, kama vile daktari anavyofunga kidonda, mpaka gome jipya linaota. Mwaka unaofuata mti unaweza kuchunwa tena, na unaendelea kutoa miaka mingi. Kazi hiyo ya Waganda ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa mali ya binadamu wote.

Nilimuuliza kama kazi inamlisha. Hakunidanganya. "Leo tangu asubuhi nimeuza vitu viwili tu," akasema. "Nina shamba la ndizi, na ninafundisha watoto shuleni. Lakini kazi hii imelipa masomo ya mtoto wangu mmoja, na mimi mwenyewe inanifanya niwe mtu."

Kisha akaniuliza: "Na kwenu, Pasta, nani anafanya kazi kama hii?"

Nikajibu haraka: "Kwetu hakuna mtu."

Msomaji, nilipotamka neno lile nilisikia kama jogoo amewika. Hakuna mtu! Na yule aliyelala nyumbani mwangu miaka minane? Nilimkana mbele ya mwanamke ambaye hata hakuwa na neno la kunishitaki.

Naye hakunyamaza. Alisema: "Lakini mimi nimeona katika kitabu nguo za gome za Kongo. Wanawake wa Bambuti wa Ituri wanazichora kwa maji ya tunda na makaa. Nimejifunza mistari kwao." Bambuti! Wale wanaopita barabara ya Oicha na kuni na asali, ambao watoto wetu wanawacheka. Ni kweli: wanaume wao wanapiga gome, wanawake wao wanachora juu yake, na kazi hizo zimetundikwa katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani. Mtu wa Uganda alinifundisha habari ya jirani yangu.

BIBLIA INASEMA NINI?

Usiku ule sikupata usingizi. Niliwasha tochi ya simu nikafungua Kutoka 20, amri ya pili, ile niliyoisoma kwa mzee wa kanisa siku ile baada ya sanamu kuungua. Niliisoma yote safari hii. Neno linakataza kujifanyia sanamu, na linaendelea kueleza kwa nini: usiisujudie, usiitumikie. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia.

Nikaendelea mpaka Kutoka 31. Pale Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina, akamjaza Roho wake. Kwa kazi gani? Si kuhubiri, si kuongoza vita. Ni kuchonga mti, kukata vito, kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba. Ninyi wa machimbo, sikieni: dhahabu ile iliyochimbwa na watu ilihitaji mtu aliyejazwa Roho ili iwe kitu cha kupendeza. Na Mungu yule yule aliyetoa ile amri aliagiza makerubi wa dhahabu juu ya sanduku, na makomamanga kwenye vazi la kuhani. Nyumba aliyojenga Sulemani ilichongwa mitende na maua kuta zote (1 Wafalme 6).

Lakini nikasoma pia 2 Wafalme 18. Nyoka wa shaba, aliyetengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu, Hezekia alimvunja, kwa sababu watu walianza kumfukizia uvumba. Kwa hiyo mzee wangu hakuwa mjinga. Kitu kizuri kinaweza kugeuka mtego. Swali la kuuliza si "kina uso?" bali "nani anakipigia magoti?" Na hilo lilikuwa swali la mtoto wangu, siku ile ile, mbele ya moto. Alinijibu kabla sijasoma.

Rafiki yangu wa Uganda aliniongezea habari kesho yake. Chuo cha sanaa cha Makerere kilitokana na kazi ya Margaret Trowell, mke wa daktari Mwingereza, Mkristo, aliyeanza kufundisha Waafrika kuchora mwaka 1937. Mmoja wa wanafunzi wa chuo kile ni Elimo Njau, mtoto wa Marangu, Kilimanjaro. Katika miaka ya 1950 huyu alichora kuta za kanisa la Waanglikana huko Murang'a, Kenya. Alichora maisha ya Yesu, na watu wote katika picha ni Waafrika, na milima ni ya kwao. Kanisa lile ni la Waprotestanti kama sisi, na halikuanguka!

Nikafikiri juu ya wazee wetu pia. Wainjilisti wa kwanza waliwaambia watupe vitu vya zamani motoni, na wengi walitupa kwa imani ya kweli. Lakini Tervuren, katika nchi ya Ubelgiji, kuna nyumba ya makumbusho ya Kongo iliyoanzishwa mwaka 1898, mwaka ule ule wa bustani ya Entebbe. Imejaa kazi za mikono ya mababu zetu. Sisi tulipewa moto, wao wakaweka katika makabati ya vioo. Sisemi hivyo ili turudie mizimu. Ninasema kwamba tulichoma bila kupambanua, na tabia ile ya kuchoma bila kupambanua ilifika mpaka jikoni kwangu.

NILIVYORUDI

Kabla ya kuondoka Kampala nilifanya vitu viwili. Nilikuwa nimenunua kwa yule mama kipande cha nguo ya gome, kisichochorwa. Na katika duka la vyuma nikanunua patasi tatu za seremala, ndogo, ya kati, na ile yenye mdomo wa mviringo. Muuzaji aliniuliza: "Mzee, wewe ni seremala?" Nikamwambia: "Hapana. Nina mtoto." Ilikuwa mara ya kwanza siku nyingi kusema hivyo.

Nyumbani nilimwambia bibi yangu yote. Akasema: "Mimi nilikuwa nangoja tu uone." Kisha nilikwenda kwa mzee wa kanisa, nikamweleza kwamba siku ile nilimwogopa yeye kushinda nilivyompenda mtoto. Alikaa kimya, akasema: "Pasta, na mimi nilikuwa na baba aliyechonga. Tulichoma vyake vyote, hata kiti." Tukaomba pamoja. Sikujua habari ile, na tunafanya kazi pamoja miaka kumi na moja.

Kumpata kijana kwa simu kulichukua majuma matatu, maana kule mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Nilipomsikia sikujua kuanza. Nilimwomba msamaha kwa ajili ya Nyanya. Alinyamaza mpaka nilidhani simu imekatika. Halafu akasema: "Mujomba, ile ilishaisha. Lakini mikono yangu sasa imekuwa ya mawe. Sijui kama ingali inajua."

Nikamwambia juu ya ule mti wa mutuba, ginsi unavyochunwa mpaka unabaki uchi, halafu wanaufunga kwa majani ya migomba. Hakusema kitu. Mwishoni aliuliza: "Hizo patasi, ni za chuma kizuri?" Nikasema ndiyo. Akasema: "Uzipake mafuta, zisipate kutu."

Mpaka leo ninapoandika, hajarudi. Njia ya kule si salama, na ana deni la kumaliza. Patasi ziko juu ya kabati, karibu na Biblia, zimefungwa katika nguo ya gome. Kila Jumamosi ninazipaka mafuta. Ukipita Mavivi utazikuta.

NENO KWA WAZAZI NA VIJANA

Baba na mama, sisemi kila mtoto anayechora ukuta ni Bezaleli. Wengine wanachafua tu! Lakini huwezi kujua mbegu kwa kuing'oa. Mpe kipande cha ubao, mpe makaa, mpe mahali, uangalie miaka miwili. Ukiwa na seremala karibu, mwombe amwache mtoto akae naye wakati wa likizo.

Ninyi vijana wa mashimo, nafahamu wengi wenu mlikuwa na kipawa fulani kabla ya kushuka chini: kushona, kuimba, kuchora, kujenga. Shaba ya Kilembe iliacha kutolewa, na dhahabu yenu pia ina mwisho wake. Usiruhusu ile kazi ingine ife ndani yako. Hata jioni moja kwa juma, ifanye.

Na sisi wachungaji na wazee wa kanisa, kabla ya kusema "choma", tuulize kwanza swali la yule mtoto.

Bwana awalinde, juu ya ardhi na chini yake.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:

1. Katika nyumba yetu, nani ana kipawa cha mikono? Tumemsaidia, au tumemnyamazisha?

2. Soma Kutoka 31:1-11. Kwa nini Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono?

3. Soma 2 Wafalme 18:4. Ni wakati gani kitu kizuri kinageuka kuwa mtego?

4. Je, kuna mtu ambaye unapaswa kumpigia simu juma hili?